Kufundisha wimbo mpya wa sauti nne kwa nota za sol-fa

Wimbo wa kurasa mbili unaweza kuingia kwenye zoezi moja la saa 2, ilimradi mwalimu ameumaliza nyumbani. Kwaya inapokaa wiki 3 kwenye wimbo mmoja, mara nyingi mwalimu naye amekutana na nota siku ile ile, mbele ya watu.

Kwa hiyo anza nyumbani. Imba sauti zote 4 mwenyewe (soprano ya juu kabisa, alto, teno na besi ya chini kabisa), moja moja, kwa majina ya nota (do, re, mi, fa, so, la, ti, yanayoandikwa d, r, m, f, s, l, t), huku mkono ukipiga mapigo. Pale unapojikwaa wewe ndipo na wao watakapojikwaa. Pazungushie duara kwa penseli. Halafu kagua ufunguo. Tuseme karatasi imeandikwa Doh = G, yaani do iimbwe kwenye sauti ya G ya kinanda, na soprano wanapanda hadi r ya juu. Hiyo ni A, na waimbaji wengi wasio na mafunzo wakifika hapo ama wanapiga kelele ama wanachezesha midomo tu. Ukishusha hadi Doh = F, nota ile inakuwa G, angalau inabebeka. Ukiendelea hadi E-flati soprano watakushukuru, lakini besi wenye d ya chini watabaki wakikoroma. Ndiyo maana ufunguo haushushwi kabla ya kutazama nota ya juu kabisa ya soprano na ya chini kabisa ya besi.

Zoezini, pasha sauti kwa dakika 10, kisha fundisha mapigo kabla ya tuni. Chukua mstari kama huu:

| d :-.r | m :s |

Koloni na mistari hutenga pigo na pigo, nukta hugawa pigo katikati, kistari huendeleza nota iliyotangulia. Basi d inakaa pigo 1 na nusu, r nusu pigo, m na s pigo 1 kila moja. Karibu kila kwaya itaimba d pigo 1 na r pigo 1, na kosa hilo hupita bila kusikika kwa sababu jumla bado ni mapigo 4 na hakuna anayechelewa. Linaumbuka siku alto wameimba sawa na teno wamekosea. Dawa yake ni makofi: wote wapige kofi kila pigo huku wakitamka "do-o-re mi so", kofi la pili liangukie kwenye ile "o" ya pili, na "re" ije baada ya kofi. Rudieni mpaka makofi na midomo viache kugombana.

Sasa nota. Anza na besi, kifungu cha mapigo 16 hivi, si ukurasa mzima. Fuatisha soprano, kisha unganisha hizo mbili. Besi na soprano wakisimama imara, teno na alto wana ukuta wa kuegemea. Walimu wengi huanza na soprano kwa kuwa ndiyo tuni. Matokeo yake alto wanaishika tuni hiyo masikioni na kuiimba chini chini siku zote. Sauti moja inapofundishwa, nyingine zisikae kupiga soga: ziimbe nota zao kwa kuguna, midomo imefungwa.

Penye kubadili ufunguo, karatasi huweka nota ndogo kando ya kubwa, mathalani s ndogo na d kubwa. Maana yake: imba sauti ile ile ya s, lakini iite d. Kama mlikuwa Doh = F, sasa mko Doh = C. Simamisha kwaya hapo hapo, waishike s kwa pumzi ndefu, wabadili jina sauti ikiwa bado inatoka, ndipo waendelee. Wakikata pumzi kati ya majina hayo mawili, wengi watarudi kwenye Doh ya zamani bila kujua. (John Curwen, Mwingereza wa karne ya 19 aliyeueneza mfumo huu baada ya kuuchukua kwa Sarah Glover, alitaka hasa watu wasiojua nota zinazoandikwa kwenye mistari mitano waweze kusoma muziki. Nota hiyo ndogo ni moja ya mbinu zake nzuri, na ndiyo inayorukwa zaidi.)

Kwaya ikishuka chini ya ufunguo iliouanza, usikimbilie kuwaambia waimbe kwa nguvu. Sikiliza wanashukia wapi. Mara nyingi ni kwenye m ya kodi (nota zinazoimbwa kwa pamoja) ya d-m-s, kwenye t inayopanda kwenda d, au kwenye nota moja inayorudiwa mara 5 au 6, kila mara ikilegea kidogo. Waambie wanaoshika m waifikirie juu kidogo. Pumzi nayo ipangwe: andika mahali pa kuvuta, la sivyo kila mtu atavuta katikati ya neno.

Maneno yaje mwisho, na hapa Kiswahili kina mitego yake. "Mtu" na "nchi" zina silabi 2 kila moja. Ile m na ile n zina nota zao na lazima ziimbwe, zisimezwe. Lakini "mwana" ni mwa-na. M hapo haina nota yake. Kwenye "nyumba" gawanya nyu-mba: u ishikwe mpaka pigo liishe, ndipo m na b zitoke pamoja. Wakifunga midomo mapema kwa m, irabu inakufa na kwaya nzima inasikika kama imefunikwa blanketi. Mkazo nao uko silabi ya pili kutoka mwisho. Beti ya 2 au ya 3 ikiangusha pigo zito kwenye silabi ya mwisho, punguza uzito wa sauti hapo, usibadili nota.

Kwenye zoezi linalofuata usianze mwanzo wa wimbo. Anza na kifungu cha mwisho, kisha kinachokitangulia, ukirudi nyuma hivyo hivyo. Kifungu cha mwisho ndicho kilichofundishwa watu wakiwa wamechoka.