Namna ya Kuandika Historia ya Klabu Ndogo ya Mpira wa Miguu

Habari za Simba na Yanga zimo magazetini tangu enzi za ukoloni, lakini timu iliyocheza ligi ya mkoa kwa miaka 40 inaweza kupotea kabisa pale katibu wake wa zamani anapofariki na makaratasi yake yakachomwa moto. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuandika historia ya klabu ya daraja la chini nchini Tanzania aanze na wazee walio hai, kisha ndipo aende maktaba.

Ukikutana na mchezaji au kiongozi wa zamani, usianze kwa kumwuliza klabu ilianzishwa mwaka gani, kwa kuwa wengi watakutajia mwaka ulioandikwa kwenye nembo. Muulize alikuwa akifanya kazi gani alipojiunga na timu, ni nani aliyekuwa akitunza jezi, na kama mechi fulani ilichezwa kabla au baada ya Azimio la Arusha la 1967 au Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Matukio hayo hukumbukwa vizuri kuliko tarehe, na kutoka hapo mwaka hupatikana kwa urahisi. Andika jina kamili la kila mchezaji pamoja na jina lake la utani, kwa maana mashabiki humkumbuka kwa la utani ilhali fomu za usajili zina jina kamili. Waulize pia waliopika kambini na madereva waliowabeba wachezaji kwa lori, ambao mara nyingi wanayafahamu mambo ambayo viongozi hawakuyaona.

Zungumza na kila mtu peke yake. Wazee wakiketi pamoja, yule anayeheshimika zaidi husimulia na wengine huitikia. Jambo hili ni zito zaidi pale klabu ilipowahi kugawanyika, kwa sababu kila upande hubaki na historia yake. Mgogoro wa Yanga wa miaka ya 1970, uliozaa Pan African, unaonyesha jinsi mgawanyiko unavyoweza kuwa mwanzo wa klabu nyingine yenye mafanikio yake: Pan African ilitwaa ubingwa mwaka 1982. Mwandishi aliyewasikiliza waliobaki Yanga pekee angewaandika waliohama kuwa wasaliti tu, na hiyo si historia.

Baada ya hapo tafuta daftari la mihtasari ya vikao, katiba, kadi za uanachama na cheti cha usajili. Angalia sana tofauti kati ya mwaka timu ilipoanza kucheza na mwaka iliposajiliwa, kwani timu nyingi zilicheza mchangani kwa muda mrefu kabla ya kupata cheti. Iandike miaka yote miwili na uieleze. Fuatilia pia mabadiliko ya majina. Simba iliitwa Sunderland hadi 1971, na mtu asiyelijua hilo hawezi kutambua kwamba bingwa wa ligi ya taifa ya 1965 ni klabu hiyo hiyo. Ikiwa klabu yako ilikuwa ya kiwanda au shirika la umma, kumbukumbu zake huenda zilikuwa katika ofisi ya mwajiri, na baada ya ubinafsishaji itakubidi uwatafute waliokuwa wafanyakazi wa hapo.

Sehemu inayowapotosha waandishi wengi ni majina ya ligi. Katika miaka ya 1980, Ligi Daraja la Kwanza ndiyo iliyokuwa ligi ya juu ya Tanzania Bara. Baadaye, ligi ya juu ilipoitwa Ligi Kuu, jina la Daraja la Kwanza lilihamia ngazi ya pili, ambayo leo inaitwa Championship. Kwa hiyo sentensi "tulicheza Daraja la Kwanza" haina maana kamili bila mwaka. Zaidi ya hayo, tangu 1982 kulikuwa na Ligi ya Muungano iliyokutanisha timu za Bara na za Zanzibar. Ndiyo maana mwaka 1986 unaweza kusikia mabingwa wawili wakitajwa: Tukuyu Stars kutoka wilaya ya Rungwe, iliyopanda daraja na kutwaa ubingwa wa Bara msimu huo huo, na Majimaji ya Songea, iliyotwaa Ligi ya Muungano. Anayeandika "bingwa wa Tanzania 1986" bila kutaja ligi anazua ugomvi usiokuwa na sababu, na anaidhulumu mojawapo ya klabu hizo za mikoani ambazo sifa zao ni za haki.

Ukishajua mwaka na jina la ligi, magazeti yatakusaidia. Mkusanyiko wa East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam una magazeti ya zamani, na Uhuru, lililoanza 1961, linafaa kwa habari za mikoani. Matokeo ya ligi za chini huandikwa kwa mstari mmoja pembeni mwa ukurasa, tena baada ya siku kadhaa. Soma toleo moja baada ya jingine. Usiishie kwenye matokeo ya uwanjani, kwa kuwa rufaa ziliweza kuyabadili na timu iliyofungwa ikapewa pointi za mezani.

Unapoandika, simulizi mbili zinazopingana ziweke zote mbili na useme kila moja imetoka upande gani. Picha ziandikwe majina kutoka kushoto kwenda kulia wakati wanaozitambua sura bado wapo. Kabla ya kuchapa, rasimu isomwe mbele ya wazee waliohojiwa, kisha nakala moja ibaki klabuni, nyingine iende chama cha soka cha mkoa na ya tatu maktaba ya mkoa.