Kuendesha Jenereta ya Nyumbani kwa Gesi ya Mitungi: Hesabu ya Mafuta na Ubadilishaji wa Mashine

Jenereta ya petroli inayokaa stoo ikisubiri umeme ukatike huharibika zaidi kwa kukaa kuliko kwa kufanya kazi. Petroli iliyoachwa kwa miezi kadhaa ndani ya kabureta, yaani kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, huacha utando wa gundi unaoziba vijitundu vyake, na ndiyo maana mashine iliyowaka vizuri Januari hukataa kuwaka Juni, mwenye nyumba akivuta kamba hadi bega linamuuma. Gesi ya kupikia haina tabia hiyo, hata ikikaa mtungini miaka. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kuu ya kubadilisha, kwani unafuu wa gharama hutegemea bei ya siku na ya mahali.

Kwanza thibitisha kwamba injini ni ya petroli, yaani ina plagi ya kutoa cheche. Injini ya dizeli huwasha mafuta yake kwa joto la hewa iliyogandamizwa, kwa hiyo haiwezi kuendeshwa kwa gesi pekee bila kufumuliwa na kuundwa upya, na kazi hiyo hailipi kwa mashine ya nyumbani.

Hesabu ya mzigo ndiyo inayofuata, na hapa ndipo wengi hukosea. Chukua nyumba ya Dar es Salaam yenye friji ya wati 150, friza ya wati 200, taa kumi za wati 9, televisheni ya wati 100 na feni tatu za wati 70: jumla ni wati 750. Ongeza pampu ndogo ya maji inayotumia wati 600, ukikumbuka kwamba wakati wa kuanza huweza kuvuta mara tatu ya kiasi hicho au zaidi, yaani wati 1,800. Kwa hiyo mashine inapaswa kuhimili kama wati 2,550 kwa muda mfupi. Jenereta iliyoandikwa kilowati 3 hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake ikitumia gesi ya mitungi, ikabaki na wati 2,700, ambazo zinatosha kwa shida. Katika zile nyumba chache za Dar es Salaam na Mtwara zilizounganishwa na bomba la gesi asilia, upungufu hufika asilimia 15 hadi 20, na pampu hiyohiyo inaweza kuizima mashine iwapo friji na friza hazikuzimwa kwanza.

Mashine ndogo ikiwa na mzigo wa kutosha hutumia takriban kilo 0.4 za gesi kwa kila uniti moja ya umeme, lakini ikibeba mzigo mdogo matumizi kwa uniti hupanda. Kwa nyumba yetu ya mfano, kadiria nusu kilo kwa saa. Mtungi wa kilo 15 utatoa basi kama saa 30, na ule wa kilo 6, kwa hesabu ya karatasi, saa 12.

Hesabu ya karatasi, hata hivyo, haijui kwamba gesi imo mtungini kama kimiminika, na kwamba ili igeuke mvuke lazima inyonye joto kupitia ukuta wa mtungi. Mashine ikivuta zaidi ya kilo moja kwa saa, ambayo ni sawa na plati nne au tano kubwa za jiko zikiwaka pamoja bila kupumzika, mtungi mdogo hupoa, hutoa jasho, pengine hata barafu kwa nje, kisha injini huanza kukohoa ilhali gesi bado imo. Kwa hiyo tumia mtungi wa kilo 15 kama kiwango cha chini, na wa kilo 38 kwa mashine ya kilowati 5, hasa kwa wakazi wa nyanda za baridi kama Njombe. Kamwe usiupashe mtungi moto wala usiulaze, kwa sababu ukilala kimiminika huingia kwenye regulata, kifaa kinachodhibiti gesi inayotoka.

Kifaa cha kubadilishia kina sehemu mbili: kiungo kinachokaa kati ya chujio la hewa na kabureta, na regulata inayoachia gesi pale tu injini inapovuta hewa. Funga koki ya petroli na uiache injini iungurume hadi izime yenyewe, halafu fungua chujio, weka kiungo pamoja na gasketi mpya, na ufunge regulata ikiwa wima. Unganisha mpira maalumu wa gesi, kisha paka povu la sabuni kwenye kila maungio. Jaribio lisilopaswa kurukwa ni hili: injini ikiwa imezimwa na mtungi umefunguliwa, gesi yoyote isipite. Ikipita, kifaa hicho hakifai.

Ukiwa na mzigo wa nusu, zungusha skrubu ya kurekebishia polepole hadi mlio utulie. Mlio unaopanda na kushuka huashiria gesi pungufu, na moshi mweusi huashiria gesi iliyozidi. Mwisho pima umeme: volti 230 na hezi 50.

Jenereta ikae nje daima, kwa kuwa moshi wa gesi nao una monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu na inaua. Mtungi uwe mbali na mashine, mita tatu hivi, na mbali na mifereji, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini. Swichi ya chenjiova, inayohamisha nyumba kati ya umeme wa TANESCO na wa jenereta, ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ili umeme wako usirudi kwenye nyaya za mtaani na kumuua fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo.

Iwashe mara moja kwa mwezi, dakika 20, ikiwa na mzigo wa kweli. Siku hiyohiyo pima mtungi kwa mizani, toa uzito wa mtungi mtupu uliochapwa shingoni, na uandike kilo zilizobaki mahali ambapo kila aliye nyumbani ataziona.