Ukichoka baada ya kula na una sukari: pima hivi kabla hujalala

Mombasa mtu akisinzia baada ya wali wa nazi hakuna anayeshangaa. Jua la mchana, tumbo limejaa, feni inazunguka. Hata asiye na ugonjwa wowote atalala. Ndiyo maana mwenye sukari huchelewa kushtuka. Mimi ni muuguzi, na haya nayaandika baada ya kumsimamia ami yangu wa Mji wa Kale, ambaye akishamaliza chakula cha mchana huwa hajiwezi mpaka aamshwe alasiri. Kila mtu nyumbani alikuwa na tiba yake. Huyu anasema sukari imepanda, anyimwe wali. Yule anasema imeshuka, apewe halua. Uchovu wa sukari iliyopanda na wa sukari iliyoshuka kwa nje waweza kufanana kabisa, lakini tiba zake ni kinyume. Bila mashine mnapiga ramli.

Hatua ya 1: Vifaa

Mashine ya sukari, stripu ambazo hazijapitwa na tarehe, sindano za kidole, mashine ya presha na daftari. Ya presha nunua ile inayofungwa juu ya kiwiko. Zile za kifundo cha mkono sizipendi, mkono ukikaa vibaya kidogo tu namba inayumba. Najua kuna programu za simu za kuandikia vipimo, lakini daftari halihitaji chaji, na daktari hulifungua akaona mambo yote mara moja.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kula

Pima, andika. Wengi huambiwa walenge kati ya 4.4 na 7.2 (kwenye mashine huandikwa mmol/L) kabla ya chakula. Kama daktari wako amekupa kiwango chako mwenyewe, fuata hicho. Wazee mara nyingi hulegezewa. Mashine yako ikitoa namba za mamia (mg/dL), gawanya kwa 18.

Hatua ya 3: Pima baada ya kula

Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hivyo nivumilie.

Kipimo hiki ni cha saa mbili baada ya kuanza kula. Saa huanza kuhesabiwa kwenye tonge la kwanza, si mliponawa mkaondoka. Ukianza kula saa saba na robo, kipimo ni saa tisa na robo, hata kama mlikaa kwenye sinia mkipiga gumzo mpaka saa nane. Lengo la kawaida kwa wakati huo ni chini ya 10.

Nawa kwa maji na sabuni, kisha kausha mkono vizuri. Tishu haitoshi, na pamba ya spiriti pia siiamini kwa kazi hii. Siku moja mashine ya ami ilisoma 17.8, nyumba nzima ikaingia wasiwasi. Nikautazama mkono wake: alikuwa amemega kaimati ya mjukuu, na shira imeng'aa mpaka kwenye kucha. Akanawa kwa sabuni, tukatoboa kidole kingine, ikasoma 9.1. Embe hufanya vivyo hivyo. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, ambako hakuumi sana, na usikikamue kama ndimu. Damu isipotoka, teremsha mkono chini ya kiuno kidogo, ujaribu tena.

Stripu nazo haziwezani na hewa yetu. Kopo likiachwa wazi, unyevu unaingia na namba zinaanza kukupa hadithi. Toa moja, funga hapo hapo. Usizihamishie kwenye kichupa kingine, usiziache dirishani wala ndani ya gari lililoegeshwa juani, na usizitie kwenye friji ukidhani unazihifadhi.

Sasa tuje kwenye biriani. Ijumaa ami alikuwa akipimwa saa mbili baada ya kula, namba inatoka nzuri, 8 na kitu, na bado amelegea. Tukaanza kuishuku mashine, kisha stripu, tukaazima mashine ya jirani, majibu yakawa yale yale. Kumbe kasoro ilikuwa kwenye saa. Samli, nyama yenye mafuta na tui zito huchelewesha chakula kutoka tumboni, kwa hivyo sukari hupanda polepole na kilele chake huja baadaye. Tulipopima tena saa nne baada ya tonge la kwanza, tukakuta 14. Mambo yanakuwa tofauti ukila wali mkavu kwa maharage, au chai ya sukari na mkate mweupe: hapo yaweza kupanda mapema, na ukichelewa kupima hukikuti kilele. Basi chakula cha mafuta mengi kipime mara mbili, saa ya pili na saa ya nne. Stripu ni ghali, najua. Huna haja ya kupima hivi kila siku. Chagua vile vyakula vinavyokulaza, umalize kimoja ndipo uende kwa kingine.

Na kuna kipimo kimoja ambacho hakingoji saa yoyote: ule uchovu wenyewe ukija, pima papo hapo, kabla hujalala.

Hatua ya 4: Soma namba

*Chini ya 4.* Sukari imeshuka. Huwapata zaidi wanaojidunga insulini na wanaomeza dawa kama glibenklamaidi au glimepiraidi, hasa akimeza dawa kisha akala kidogo. Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu kikombe cha soda ya kawaida, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Bado iko chini, rudia. Ikishapanda, kula kitu. Halua haifai hapa: samli yake huchelewesha sukari kuingia, na wewe unaitaka sasa hivi. Mgonjwa asiyeweza kumeza asitiwe chochote kinywani, akimbizwe hospitali. Dereva wa tuktuk akihisi hivi aegeshe kwanza.

*Juu ya 10, na inajirudia.* Huu ndio usingizi wa sukari iliyopanda. Mara nyingi huja na kiu na safari za chooni. Nenda hatua ya 5.

*Katikati.* Sukari haina kosa, na hapa watu wengi huishia kusema "ni uzee tu". Pima presha. Kwa wazee, na kwa watu ambao sukari imeshawaharibu mishipa ya fahamu, presha inaweza kushuka baada ya kula kwa sababu damu nyingi huelekea tumboni. Pima ukiwa umekaa kabla ya kula, kisha baada ya nusu saa na baada ya saa nzima. Namba ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi, umepata jibu. Sahani iwe ndogo, usiinuke kwa ghafla, na daftari lifike kwa daktari, kwa kuwa huenda saa ya dawa za presha ikahitaji kubadilishwa. Usiibadilishe wewe.

Hatua ya 5: Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja

Mimi huanza na mfuatano wa kula, kipi kitangulia, kabla sijagusa kiasi, maana mzee ukimwambia aache wali hatakusikiliza tena. Mchicha na samaki wa kupaka viliwe kwanza, wali uje mwisho. Chakula ni kile kile, na sukari hupanda kidogo kuliko akianza na wali. Ndipo upunguze wali wenyewe. Asubuhi, mbaazi ziwe nyingi na mahamri yapungue. Madafu na juisi ya miwa usivihesabu kama maji.

Anayetumia dawa za kushusha sukari asipunguze wali kwa kishindo kabla hajazungumza na kliniki, au atajikuta chini ya 4.

Hatua ya 6: Tembea

Dakika 10 hadi 15 baada ya kula. Jua likiwa kali, zunguka ukumbini.

Hatua ya 7: Kliniki

Peleka daftari pamoja na dawa zote kwenye mfuko, hata za miti shamba. Omba kipimo cha sukari cha miezi mitatu, na kama uchovu upo hata sukari ikiwa sawa, uliza kuhusu kiwango cha damu, figo, tezi ya shingo na vitamini B12. Hii ya mwisho isisahauliwe kwa aliyemeza metformini kwa miaka mingi, kwa sababu dawa hiyo huweza kuipunguza mwilini, na upungufu wake huleta uchovu na ganzi miguuni ambayo hubebeshwa sukari. Metformini yenyewe usiiache kwa sababu hiyo; B12 inatibika.

Usingoje siku ya kliniki ikiwa sukari iko juu sana na mgonjwa anatapika, anapumua kwa nguvu au anaongea mambo yasiyoeleweka. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane.