Mwizi hakuvunja mlango: usalama wa kompyuta kwa wenye maduka

Nachapisha kadi za harusi, vitabu vya risiti na mabango pale River Road, Nairobi, ghorofa ya pili. Nina kompyuta tatu na vijana wanne. Kwa miaka mingi nilisema wanavyosema majirani zangu hadi leo: wadukuzi wanatafuta mabenki, mimi watanitakia nini? Kisha siku moja nikalipa Sh184,000 za karatasi kwa mtu nisiyemjua.

Msambazaji wetu yuko Industrial Area, tumefanya naye biashara tangu zamani. Invoisi ilikuja kwa imeli kama kawaida, nembo ile ile, hesabu ya rimu sawasawa, na chini mstari mmoja: tumebadilisha benki, tumia akaunti hii. Nikatuma. Siku ya tisa msambazaji akapiga kuuliza pesa zake. Kijana wangu aliifungua ile imeli tena, akaweka kidole kwenye anwani: palipostahili kuwa na herufi m palikuwa na r na n, zimebanana. Kwa macho yangu ya miaka hamsini na tatu, ni kitu kimoja.

Lakini hesabu ya rimu mwizi aliijuaje? Aliipata kwetu. Alikuwa ameingia kwenye imeli ya duka akaweka agizo la kila ujumbe unaoingia upelekwe nakala kwake. Wala hakuhitaji ufundi: paswadi ilikuwa jina la duka na mwaka tuliofungua, ile ile tuliyoitumia kila mahali.

Kwa hiyo anza hapo, leo. Kama unatumia Gmail, ifungue kwenye kompyuta, si kwenye simu. Bofya alama ya gia juu kulia, fungua mipangilio yote, utazame sehemu mbili: ya kusambaza ujumbe na ya vichujio. Ukikuta anwani usiyoijua, ifute. Watu hudhani kubadilisha paswadi kunatosha. Hakutoshi, kwa sababu lile agizo hubaki likifanya kazi hata baada ya paswadi mpya. Kwa hiyo badilisha paswadi, ondoa kwenye akaunti vifaa vyote usivyovitambua, kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya paswadi inadaiwa pia namba ya siri inayokuja kwa simu, ili anayeijua paswadi akwame mlangoni. Namba hizo usimsomee mtu yeyote, hata akijiita wa benki.

Na akaunti ya malipo ikibadilika, piga simu. Usitumie namba iliyo kwenye hiyo invoisi, maana atapokea mwizi mwenyewe akuthibitishie kwa adabu zote. Tumia ile iliyo kwenye risiti zako za zamani.

"Lakini nina antivirasi." Hata mimi nilikuwa nayo. Haisomi invoisi ikajua ni ya uongo. Ina kazi yake, hasa kwetu wachapishaji tunaoletewa flashi kutwa nzima, nyingine zimetoka saiba tatu asubuhi hiyo hiyo. Sisi tumetenga kompyuta moja ya flashi za wateja, haina imeli wala benki. Ile Windows ya bei ya chai unayowekewa vichochoroni, achana nayo; hujui imekuja na nini, na mara nyingi wanaizima isijisasishe. Virusi vya WannaCry vilivyofunga kompyuta za hospitali Uingereza Mei 2017 vilipitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeshalitolea kiraka, yaani sasisho la kuliziba, tangu Machi. Na kama bado uko Windows 10, Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida Oktoba 2025.

Diski ya akiba iliyochomekwa muda wote si akiba. Programu ya wahalifu ya kufunga mafaili ili udaiwe pesa ikiingia, itaifunga na hiyo. Mimi huchomeka Ijumaa jioni, nikimaliza naichomoa naenda nayo nyumbani Umoja. Mara moja kwa mwezi nafungua faili moja kuona kama linafunguka kweli.

Malipo ya till, namba ya duka ya kupokea pesa kwa simu: ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si pesa. Angalia simu ya duka. Mfanyakazi akiondoka, paswadi zinabadilishwa siku hiyo hiyo, hata kama mmeagana kwa keki.

Wengine huniambia, sisi ni wadogo, sheria ya data haituhusu. Ni kweli kwamba duka lenye mapato chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi chini ya kumi kwa kawaida halilazimiki kujisajili kwa Kamishna wa Data. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 bado inakushika. Nina majina na simu za kamati nzima za harusi. Zikiibwa na kuna hatari kwa wenyewe, nina saa 72 kumjulisha Kamishna.

Ukishaibiwa, pigia benki simu kwanza, tena dakika hiyo hiyo, polisi baadaye. Mimi nilichelewa siku tisa. Kwenye akaunti ile walikuta Sh1,200.

Msambazaji nilimlipa upya, kidogo kidogo. Sasa kila invoisi ikija nampigia binti wa hesabu kule, naye hucheka kabla sijauliza: "Mama Kadi, ni sisi, na benki ni ile ile."