Somo: Simu haiingizi chaji? Pima hivi kabla hujanunua betri

Salaam ndugu zangu wa Kusini. Wengi mnaoleta simu isiyoingiza chaji mnafika mmeshakata shauri: "Fundi, betri imekufa." Kwa ukanda wetu huu, kuanzia Mtwara mjini hadi Kilwa, betri inasingiziwa sana. Mara nyingi mkosaji ni waya, au ni tundu la chaji lililoshiba uchafu. Ukinunua betri mpya ukaiweka kwenye simu yenye tundu bovu, hela imetoka na simu bado imelala. Inaniuma kuona mtu analipia kitu kisichokuwa na ubovu, ndiyo maana naandika somo hili.

Kanuni ni moja: badilisha kitu kimoja, pima, kisha ndiyo uguse kingine. Ukibadilisha waya na kichwa cha chaja kwa mpigo na simu ikapona, hutajua kipi kilikuwa kibovu, na utakitupa kizima ukabaki na kibovu.

Hatua ya 1: Soketi na kichwa cha chaja

Chukua chaja ileile, kwenye soketi ileile, uchaji simu nyingine. Ikiingia, soketi na kichwa viko salama. Isipoingia, hamia soketi nyingine kwanza.

Soma pia maandishi madogo kwenye kichwa cha chaja. Kilichoandikwa 5V 1A kinatoa wati 5 tu. Chenye 5V 2A kinatoa wati 10. Simu yenye betri ya 5000 mAh ukiichaji kwa kichwa cha ampea 1 itachukua zaidi ya saa tano kujaa, hata kama ni mpya kutoka dukani. Huo si ugonjwa, ni chaja ndogo.

Hatua ya 2: Waya

Waya hukatikia ndani, pale shingoni karibu na ncha, huku nje unaonekana mzima. Chomeka, kisha ukunje taratibu shingo ya waya bila kuigusa simu. Alama ya chaji ikiwaka na kuzimika, tatizo ni waya. Kama waya umetulia lakini alama inachezacheza ukigusa ncha ndani ya tundu, basi nenda hatua ya tatu.

Hatua ya 3: Tundu la chaji

Hapa ndipo penye kesi nyingi za kwetu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Zima simu kabisa. Washa tochi ya simu nyingine, angalia ndani ya tundu. Utaona kitu kama pamba ya kijivu: ni nyuzi za mfukoni na vumbi, vimeshindiliwa na waya kila unapochomeka. Dalili yake ni waya kutozama hadi mwisho, au kuchomoka wenyewe.

Mkulima wa korosho ana adui wa ziada. Kuanzia mwezi wa sita, mikorosho ikipuliziwa salfa kuzuia ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), ule unga wa njano unaingia kila mahali, na simu iko mfukoni. Salfa huishambulia shaba, na pini za tundu zina shaba. Siku ya kupulizia, simu iache nyumbani au ifunge vizuri kwenye mfuko wa plastiki. Ndugu zangu wa Mikindani, Shangani na Lindi mjini, wenu ni upepo wa bahari: una chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu huleta kutu. Wanaofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ndio zaidi.

Kusafisha: tumia kijiti cha meno cha mbao. Sindano hapana, pini hapana, kwa sababu chuma hukunja pini za tundu au kuzigusanisha. Kwa tundu la Type-C kuna ulimi mwembamba katikati, usiukwangue. Pitisha kijiti kandokando ya kuta, vuta uchafu nje polepole, malizia kwa mswaki mpya mkavu. Usipulize kwa mdomo, maana unapeleka mate.

Ukiona ukoko wa kijani au mweupe, hiyo ni kutu. Kijiti hakitoshi, inahitaji spiriti ya kusafishia bodi (sakiti ya ndani ya simu) na mkono wa fundi.

Hatua ya 4: Joto

Simu ikipata joto sana hujikataza kuchaji ili kuilinda betri. Apple, kwa mfano, wanataka iPhone itumike kwenye joto la nyuzi 0 hadi 35. Sasa fikiria mwezi wa kumi na moja kwetu, simu imeachwa juu ya dashibodi ya gari au dirishani chini ya bati. Toa kava, iweke kivulini, subiri. Usiitie kwenye friji.

Hatua ya 5: Kuiamsha

Betri iliyokauka kabisa haiwaki hapo hapo. Iache kwenye chaja nzima kwa nusu saa bila kuibonyezabonyeza. Kisha, kwa simu nyingi za Android, shikilia pamoja kitufe cha kuwasha na cha kupunguza sauti mpaka itetemeke au nembo itokee. Nembo ikitokea, achia. Kwa iPhone 8 na kuendelea: bonyeza na uachie cha kuongeza sauti, bonyeza na uachie cha kupunguza, kisha shikilia cha pembeni hadi nembo ionekane. Hakuna kinachofutika.

Kama chaji inaingia vizuri ila inaisha haraka, ingia Mipangilio, kisha Betri, uone programu ipi inakula. Hapo ndipo mtu aanze kuifikiria betri, hasa simu ikiwa na miaka kadhaa au inazima ghafla ikiwa bado inaonyesha asilimia 20 au 30.

Hatua ya 6: Ukilazimika kwenda kwa fundi

Kama simu inawaka, piga *#06# na uandike pembeni IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yako. Toa laini na memori kadi. Mweleze ulichopima tayari, na umwombe aonyeshe kwa mita kama umeme unaingia. Simu nyingi za Android zina sistimu chaji (lile tundu la chaji) kwenye bodi yake ndogo, inabadilishwa peke yake, kwa hiyo usikubali haraka ukiambiwa "bodi yote imekufa".

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Tandahimba: Habari mwalimu. Simu yangu imezima kabisa na nasubiri meseji ya malipo ya korosho. Hela yangu itapotea?

*Jibu:* Haipotei, mama yangu. Malipo yanaingia kwenye akaunti yako ya benki. Simu inakuletea taarifa tu. Toa laini uiweke kwenye kitochi. Kama tundu la kitochi ni kubwa kuliko laini, kuna kifremu cha kuikalisha, madukani kipo. Na msimu huu wa malipo matapeli ni wengi: ukipata ujumbe unaokutaka utume hela au namba ya siri, usijibu, upeleke kwenye 15040.

Kijana wa Msangamkuu: Kaka, simu imedondoka baharini nikishuka kwenye boti. Iko kwenye mchele tangu jana. Niiwashe?

*Jibu:* Usiiwashe, mdogo wangu, wala usiichomeke. Itoe kwenye mchele leo hii. Mchele hauvuti chumvi, na unga wake unaingia kwenye tundu. Apple wenyewe wanakataza. Maji yakikauka chumvi inabaki kwenye bodi inaendelea kula. Mpelekee fundi aifungue, achomoe betri kwanza, aioshe bodi kwa spiriti. Kila saa inayopita inakupunguzia nafasi ya kupona.

Mzee wa Nachingwea: Nachajia sola moja kwa moja kutoka kwenye paneli. Chaji inapanda inashuka, na wakati mwingine simu inajiwasha skrini kila mara.

*Jibu:* Shikamoo mzee. Wingu likipita umeme wa paneli unashuka, simu inadhani umechomoa na kuchomeka upya. Chaji pawabenki mchana kwa sola, jioni uchaji simu kwa pawabenki. Kama una betri ya sola yenye kidhibiti chaji, chukulia hapo umeme wa simu.

Mwalimu wa Ruangwa: Laptop yangu inawaka ikiwa kwenye umeme tu. Umeme ukikatika nayo kwaheri.

*Jibu:* Izime, chomoa chaja, na betri kama inatoka kwa nje. Shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, rudisha vyote, ichaji saa moja ikiwa imezimwa. Ikigoma, soma kibandiko cha chaja: volti lazima zilingane na zilizoandikwa chini ya laptop, na ampea ziwe sawa au zaidi. Chaja ya kuazima yenye nguvu ndogo huiwasha laptop bila kuijaza betri. Kama chaja ni sahihi na betri haipandi, hapo nakubali, betri ndiyo yenye tatizo.

Dada wa Masasi: Mfuniko wa nyuma umenyanyuka na kioo kimeachia upande mmoja, lakini chaji inaingia vizuri tu. Niendelee?

*Jibu:* Hapana dada, acha sasa hivi. Betri imevimba. Usiichaji tena, usiibonyeze irudi, usiitoboe kutoa hewa, maana inaweza kuwaka moto. Izime, iweke mbali na kitanda na watoto, juu ya sakafu ya saruji, na kesho asubuhi mpelekee fundi. Ile betri ya zamani usiitupe kwenye moto wa takataka, mwachie yeye.