Jinsi ya Kuchagua Kifaa cha Kutunza Chakula Kikiwa Moto Kwenye Kaunta ya Jiko Dogo

Kifaa changu cha kwanza nilikinunua kwa macho. Kilikuwa na trei nne, kinang'aa, nikaona sasa na mimi nina jiko la biashara. Wiki mbili baadaye trei mbili zilikuwa za kuwekea vijiko, kaunta haina pa kutua sahani, na mchuzi wa trei ya pembeni ni vuguvugu kila mchana. Kifaa hakikuwa kibovu, ila kazi yake haikuwa kazi yangu. Tangu hapo naanza na chakula, kifaa kinafuata.

Jambo moja lieleweke kwanza: vifaa hivi hutunza joto, havipashi. Ukitia mchuzi uliopoa, utapanda polepole na kukaa muda mrefu kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, ambako bakteria huzaliana. Mbegu za bakteria aitwaye Clostridium perfringens hustahimili kuchemka, na mchuzi ukishuka hadi nyuzi 40 na kitu, huamka na kuongezeka upesi. Kwa hiyo chakula kipashwe jikoni hadi nyuzi 75 katikati, ndipo kiingie kwenye kifaa ambacho nacho kimeshapata moto.

Hatua ya 1: Andika chakula na muda wake

Chora safu tatu: chakula, kiasi kinachotoka wateja wakiwa wengi, na dakika kitakazokaa kabla ya kuliwa. Safu ya tatu ndiyo inayoamua. Viazi vya kukaanga vya dakika tano na supu ya saa tatu haviwezi kukaa kifaa kimoja. Na kama chakula kinaisha ndani ya dakika kumi, huenda huhitaji kifaa chochote. Sufuria yenye mfuniko juu ya moto mdogo inatosha. Muuzaji hatakuambia hilo.

Hatua ya 2: Oanisha chakula na aina ya joto

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo usiharakishe.

Supu ina chungu chake cha umeme, kwa kawaida cha lita 10 hivi, chenye maji kati ya ganda la nje na chungu cha ndani. Hula umeme kidogo, mara nyingi wati 400 na ushei, na ndiyo sababu hakifai kupasha supu baridi.

Mchuzi, maharage, mboga na wali huenda kwenye benmari, yaani beseni la joto linalobeba trei. Ya maji hupasha sawasawa na haiunguzi, kwa sababu maji hayapiti nyuzi 100. Kero yake ni kuongeza maji kila mara, na chokaa ya maji inayoganda chini. Benmari kavu ni nyepesi kusafisha, lakini mchuzi mzito hushika pembeni huku katikati ukipoa. Kama chakula chako kingi ni kizito, chukua ya maji, na uvumilie usumbufu wake.

Vya kukaanga havitaki mvuke. Ukivifunika vinalainika. Vinafaa taa za joto, juu ya trei yenye matundu ili mafuta yachuruzike. Lakini taa hupasha uso tu. Mimi sizidishi dakika 15 chini yake.

Kabati la kioo lafaa vitu vikavu unavyotaka mteja avione. Tafuta lenye feni na kitrei cha maji: ukikijaza, nyama iliyookwa haikauki, ukikiacha kitupu, ganda la vitafunio linabaki kavu. Vyombo vya karamu vinavyowashwa kwa jeli viache kwenye karamu. Havina termostati, yaani kidhibiti cha joto.

Hatua ya 3: Pima trei kabla ya kaunta

Trei nyingi za biashara hufuata vipimo vya GN (Gastronorm), yaani vipimo sanifu vya trei za jikoni. Trei nzima, GN 1/1, ni milimita 530 kwa 325. Tatu za GN 1/3 hukaa nafasi hiyohiyo. GN 1/3 yenye kina cha milimita 150 hubeba kama lita 5 bila kumwagika, yaani sahani 20 za robo lita. Kwa chakula kizito chukua kina cha milimita 100, kwa sababu moto haufiki katikati ya trei yenye kina kirefu. Kisha pima kaunta, na uache nafasi ya kufungulia mifuniko. Mimi hii niliisahau.

Hatua ya 4: Hesabu umeme

Gawanya wati kwa volti upate ampia. Benmari ya wati 1,500 na kabati la wati 1,200, kwa volti 230, ni karibu ampia 12. Soketi ya ampia 13 inakaribia kushiba. Chomeka na birika hapo uone. Kila kifaa kikubwa kiwe na soketi yake ya ukutani, si waya wa kuunganishia.

Hatua ya 5: Kishike kabla ya kulipa

Benmari ya maji iwe na bomba la kutolea maji. Bila hilo, kila usiku utainamisha beseni la maji ya moto. Pitisha kidole kwenye kona za ndani: zikiwa kali, uchafu utakaa. Uliza pia kama kipasha joto kikiungua kinabadilishwa peke yake.

Hatua ya 6: Jaribu kwa maji

Namba ya termostati ni ya maji au hewa, si ya chakula. Nunua kipimajoto cha kuchomeka ndani ya chakula, ukihakikishe kwenye maji yenye barafu: kisome 0. Washa kifaa nusu saa, jaza trei maji ya nyuzi 80, funika, kisha pima katikati na kila kona baada ya saa moja na baada ya mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kikae juu ya nyuzi 60, sheria ya Uingereza inataka 63, na kanuni ya mfano ya Marekani 57. Mimi nalenga 65, kwa sababu mfuniko ukifunguliwa mara kumi joto linashuka.

Kona yoyote ikishindwa kufika hapo hata termostati ikiwa juu kabisa, rudisha kifaa mapema, kabla risiti haijafifia. Kikifaulu, weka alama ya rangi kwenye kitufe mahali kilipofika 65, ili msaidizi wako asibahatishe.