Kumuuguza mtoto aliyeumia kichwa kidogo
Mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mkarafuu apelekwe hospitali hapo hapo, kama ile ya Abdulla Mzee, Mkoani, Pemba, hata akiwa anacheka. Aliyejigonga kidogo mchezoni aangaliwe kwa karibu, na akitapika mara kwa mara, akishikwa na degedege au akisinzia kiasi cha kutoamshika, naye apelekwe bila kuchelewa. Asipokuwa na dalili hizo, apumzike saa 24 hadi 48, kisha arejeshwe polepole: matembezi mafupi, chuoni (madrasa) na skuli kwa nusu siku, na mpira mwisho kabisa, daktari akiridhia. Tafadhali msimfungie chumbani wiki nzima kwa huruma, kwani mapumziko yaliyopita kiasi huchelewesha kupona. Ama kuusisimua ubongo kwa sumaku au umeme hafifu kama tiba ya jeraha hili, jambo hilo bado linatafitiwa, na lisijaribiwe nyumbani.